Nilimwomba Atuache Dakika Kumi

Mpendwa Shangazi Verla,

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimeichana, kwa hiyo nikivuruga mpangilio nivumilie, mimi si mzungumzaji, hata shuleni nilikomaliza mwezi wa tano kuna walimu ambao hawakuwahi kuisikia sauti yangu.

Nina miaka kumi na minane na mchumba wangu, nitamwita Colter, ana ishirini na mbili, harusi ni Agosti na mwezi wa tisa anaingia chuo cha polisi. Mwezi uliopita alinichukua kwa pikapu yake tukaangalie miamba ya nchi ya Wanavajo, wale wenyeji wa asili wa Marekani, na miji ya zamani ya wachimba fedha kule Colorado, mama aliruhusu kwa sababu tungelala kwa ndugu zake, na siku mbili za kwanza nilikuwa na furaha kabisa, tulipiga picha tumevaa kama majambazi wa kale.

Siku ya tatu tulifika korongo ambalo huingii bila mwongoza watalii. Kwenye daftari la wageni Colter aliandika jina la uongo, kwa mzaha tu. Mwongozaji wetu alikuwa Bwana Delmar Tsinnie, Mnavajo wa makamo, mpole, akatuonyesha viganja vilivyopakwa rangi mwambani na watu wa kale, kimoja kidogo kama cha mtoto wa miaka miwili. Pembeni yalikuwapo majina ya walowezi, yamechongwa mwaka 1884.

Colter, akichezea kisu chake kidogo, akasema, "Mbona hawa walichonga na mnawatunza kama watakatifu?"

"Hao walikufa kabla ya sheria," Bwana Tsinnie akamjibu. "Wewe bado uko hai, kijana, kwa hiyo kisu kibaki mfukoni."

Tukacheka wote. Halafu nikabanwa na haja ndogo, na choo hakuna, na siwezi kabisa kwenda mwanamume nisiyemzoea akiwa karibu, nikamwomba Bwana Tsinnie atuache dakika kumi. Kanuni inamkataza kuacha wageni peke yao, alikuwa ametuambia mwenyewe, lakini aliniona nilivyoiva uso kwa haya akasema, "Sawa, binti yangu. Nitakuwa pale kwenye kona, nimewapa mgongo."

Niliporudi kutoka nyuma ya mwamba Colter alikuwa amekwisha chonga herufi zetu mbili na mwaka, katikati ya kile kiganja kidogo. "Sasa tutakaa hapa miaka elfu," akasema. Halafu, Shangazi, Bwana Tsinnie aliporudi nilisimama mbele ya yale maandishi asiyaone, mpaka tukaondoka.

Wiki iliyopita nilipiga simu ofisi ya waongoza watalii kuulizia sweta niliyoisahau kwenye gari lao lililotupeleka korongoni. Mwanamke aliyepokea akasema, "Ulienda na Delmar? Wamemsimamisha kazi, dada. Kuna wageni walichonga juu ya kile kiganja kidogo. Anaulizwa kwa nini aliwaacha, anasema eti alikwenda kuvuta sigara. Delmar! Tangu lini Delmar anavuta sigara? Sasa watu wanasema alihongwa."

Nikakata simu. Nilipomwambia Colter, tukiwa kituo cha mafuta, akasema, "Ukifungua mdomo, chuo cha polisi ndiyo basi. Na herufi yako ipo pale, mpenzi. Yule mzee atauza shanga barabarani, si ndivyo wenzake wanavyoishi?" Akanifinya mkono mpaka nikaapa kunyamaza. Alama zilikaa siku mbili.

Je, nikiandika barua bila jina, nikasema tu kwamba mzee hana kosa, itatosha? Au nisubiri tuoane kwanza, labda atatulia?

Mwenye Haya, Kanab

*

Mwenye Haya,

Nimekuonea huruma na nimekukasirikia, na vyote viwili utavipata hapa.

Barua isiyo na jina haitoshi, na nadhani ulijua, ndiyo maana umeuliza. Wakubwa wa Bwana Tsinnie wanataka kujua kwa nini aliondoka. Jibu analo yeye na unalo wewe. Yeye amelimeza ili msichana asiyemjua asijadiliwe ofisini kwa habari za kwenda haja. Amesimamishwa kazi akikustahi, nawe unaniuliza habari za harusi!

Kuona haya si kosa. Ungejisaidia ukarudi, basi, yangekwisha. Lakini uliposimama mbele ya yale maandishi hukuwa unaona haya, binti. Ulikuwa unamsaidia Colter.

Colter hatatulia. Mtu anayekufinya mkono kituo cha mafuta, mchana, watu wanapita, akishakuoa atakuwa na nyumba ya kufunga mlango. Na huyo ndiye apewe bastola na beji? Vua pete. Usiipeleke wewe, mama yako atume mtu. Wala usipande pikapu yake hata akilia, hata akisema ni mazungumzo ya mwisho.

Mwambie mama yako leo, kabla ya chakula, yote, na habari ya mkono pia. Kisha mtafute wakili, wapo wanaosaidia bure, kwa sababu unaweza kushtakiwa nawe na sitakudanganya. Andika kwa mkono wako, kwa jina lako kamili, na sentensi ya kwanza iseme kwamba wewe ndiye uliyemwomba mzee aondoke, na sababu. Wakili aisome, halafu uipeleke mwenyewe ofisini kwa wakubwa wa Bwana Tsinnie. Sauti ikigoma, wape karatasi, usimame pale mpaka wamalize kusoma.

Kiganja kile hakitarudi. Huenda na kazi isirudi. Wala usimfuate Bwana Tsinnie kumwomba msamaha ili wewe upate usingizi. Akitaka kukuona atasema.

Ofisi za namna hiyo hufunguliwa saa mbili asubuhi na ni mwendo mrefu kutoka Kanab. Ondokeni mapema. Mama aendeshe.

Shangazi Verla