Mke Mwema na Maneno Uliyoyaruka

Njombe

Mdogo wangu Magesa,

Kosa la wengi wanaosoma habari za mke mwema katika Mithali ni kuanzia katikati ya sura. Nitakueleza, lakini salamu kwanza. Huku tuko salama, isipokuwa shemeji yako ambaye baridi imemkamata magoti mpaka anatembelea fimbo. Mvua nayo imeozesha viazi vyetu shambani. Nyinyi hapo Nyegina mnaendeleaje? Watoto wanakula nini, na nani anawapikia, maana mama yao umemrudisha kwao Butiama?

Jumapili ulinipigia simu. Ulinisimulia mwenyewe, huku unacheka, ukidhani nitakuunga mkono. Kwamba jumuiya ilisali kwenu, ukaomba usome wewe sura ile, na kila mstari ukamgeukia Nyangeta mbele ya majirani: "Na hili, mke wangu, unalifanya?" Ulipofika pale mke anapoamka kungali giza, ukamuuliza yeye huamka saa ngapi.

"Mimi naamkaga kabla hujarudi," akajibu.

Majirani wakaangua kicheko. Mama mwenyekiti wa jumuiya akasema, "Msomaji, endelea basi, tunakusikiliza." Ukafunga kitabu. Kesho yake ukamfungia nguo zake kwenye kanga, na sasa unataka niwaandikie wazee wa ukoo, wanaokutana Jumamosi, kwamba mwanamke huyo hakufundishwa adabu.

Magesa, katika ualimu wangu nimefuta kamasi na matapishi ya watoto wa watu. Hakuna kilichonitia kinyaa kama kile kicheko chako kwenye simu. Naandika polepole kwa sababu nikiharakisha nitatukana.

Maneno yale ni ya mama anayemfundisha mwanawe. Kabla hajataja mke, anamkataza pombe, anamwambia asimalize nguvu zake kwa wanawake, tena awasemee wasioweza kujisemea. Hayo uliyaruka. Halafu mke yule ana watumishi nyumbani. Nyangeta ana mikono yake miwili. Mke yule ananunua shamba kwa jasho lake na hakuna anayemkemea. Nyangeta aliponunua lile la Bugwema, kwa dagaa anaowachukua kwa wavuvi mwaloni na kuwapeleka sokoni Bunda, ulinuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Mume wa yule huketi langoni na wazee, akiamua mashauri ya watu. Wewe unaketi kijiweni, unacheza drafti.

Uliniuliza kama mke wa namna ile anapatikana siku hizi. Wa kuyafanya yote kwa siku moja, hapana, na hata zamani zile hakupatikana. Mama yule alisifu kazi ya maisha mazima, katika nyumba yenye wasaidizi na mume wa kuaminika. Hakuwa anampangia mtu ratiba ya Jumatatu. Ukiwaondoa wasaidizi, ukamwondoa na mume, ukabakiza kazi tupu, umemtwika mwanamke mmoja mzigo wa nyumba nzima na kumwambia Mungu ndiye aliyeufunga. Tena sura yenyewe inamalizia kwa kutaka apewe matunda ya mikono yake. Wewe ulimpa nauli ya Butiama.

Barua ya wazee siiandiki. Unajua wakishakaa Jumamosi yeye akiwa bado kwao, jambo litakuwa la koo mbili na la ng'ombe wa mahari, na hata ukija kujuta hakuna atakayekusikia. Watoto wako watakuwa wanakwenda kumsalimia mama yao kama mgeni.

Msalimie baba mdogo, aliyekushika mkono siku ya ndoa yako, na shangazi yetu wa Suguti. Mama mwenyekiti wa jumuiya mwambie nampa heshima zangu. Namwambia binti yangu aipige picha barua hii akutumie asubuhi hii, ili usiseme ilichelewa.

Ukimaliza kusoma, panda gari leo hii uende Butiama, ukamwombe Nyangeta msamaha mbele ya mama yake.

Dada yako mkubwa,
Nyamisi