Papa Cirhuza, materinite ya Kamanyola imevunjwa

Papa Cirhuza,

Wewe ndiye ulinifundisha kuchora nyumba, kwa hiyo ni mimi napashwa kukuambia. Wamevunja materinite yako ya Kamanyola, ile nyumba ya uzazi uliyoichora.

Baada ya kukuzika, kiwanja kiliuzwa. Mwenye kukinunua anataka etaji, ghorofa za vioo. Maman, mujane wako, alikubali tutoke naye Bukavu twende kumuomba asiivunje, hata kama miguu inamuuma. Alimueleza kama akina mama wa bonde lote walizalia pale. Yule bwana alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Lakini maman, ile nyumba haina hata urembo."

Maman akakaa chini, kwenye vumbi. Tuliporudi tena kujaribu, mashine ilikuwa imeshamaliza ukuta wa muviringo, ule uliousimamia wewe mwenyewe juani, ukiwakataza mafundi kuweka hata ua moja la urembo.

Unakumbuka ulivyokuwa unatusimulia Estonia, kule ulikosomea wakati wa Wasovieti? Kila mwaka, wanafunzi wapya, hadithi ile ile: arshitekti wao wa zamani, kati ya wa kwanza kuacha nakshi. Kuta nyeupe, dirisha linazunguka kona, mwangaza uingie. Watu wakamucheka, eti anajenga masanduku. Kisha vita ikamukimbiza ng'ambo ya bahari, akazeeka akichora mabanda ya ng'ombe za wengine, akafa bila kuona tena nyumba yake hata moja. Ukifika pale ulikuwa unalia, muzee muzima, mbele yetu.

"Lakini zimesimama," ulikuwa unasema. "Mimi nililala ndani ya moja. Zimesimama."

Yeye alikimbia, nyumba zake zikabakia. Wewe, Papa, ulikataa kukimbia. Vita ngapi zimepita hapa, na kila mara ulisema mujenzi hawezi kuacha kazi yake. Ukabakia. Na leo hakuna tofali ningeweza kuonyesha mutu na kusema, hii ni yake.

Siwezi... Sijachora tangu siku ile. Darasa lako ni karibu tupu, vijana wametawanyika, na wenye kubaki wananiuliza tunajenga kwa ajili ya nani. Wewe pengine ungewajibu.

Maman amehamia kwangu. Nakuahidi kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho ninachoweza: hatakufa peke yake.

Lala, Papa. Usigeuke kutuangalia.

Nsimire, mwanafunzi wako