Mwanga Uliozimika Kasungami

Lubumbashi, Kamalondo
Tarehe 9, mwezi wa tatu

Yaya wangu Faustin,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Habari ya Kilwa, habari ya ziwa, na kile kifua chako, kinakuacha upumue? Shemeji Gracia na mtoto wetu Mukuka wanaamka vema? Sisi huku tunaamka, na hilo ndilo neno ninaloweza kusema bila kudanganya. Mama anakula kidogo, anasali sana, na goti lake la kushoto linamsumbua kila mvua ikinyesha. Utasema naandika Kiswahili cha padri. Ni wewe uliyenipiga vidole hadi nikajua barua inavyoandikwa, basi vumilia.

Djo, dereva wa lori la samaki, amenifikishia maneno yako. Unauliza kwa nini jagi la shaba la Babu Kunda halijakufikia, wakati Baba alisema wazi kwamba ni la mtoto wa kwanza. Una haki ya kukasirika. Barabara ilikatika ukashindwa kumzika baba yako, halafu hata jagi hupewi. Liko hapa mezani kwangu, chini ya kitambaa cheupe. Nitakueleza, ila niache nianzie mbali, kwa sababu nikianzia karibu nitashindwa.

Hujawahi kuona kazi yangu ya labo, ile maabara ya chuo kikuu. Tunachukua maji ya ndimu, tunayafunga ndani ya chombo cha chuma na kuyapika saa tano kwa moto mkali. Yanabaki majimaji ya rangi ya chai, na ndani yake mna chembe za kaboni ndogo mno: ukipanga elfu kumi kwa mstari hazifikii unene wa unywele mmoja. Kaboni ya makala ya kupikia unaijua, ni nyeusi, haiwaki mpaka uitie moto. Lakini ikipunguzwa hadi hapo, elektroni zake zinakosa nafasi, kama jamaa wote wa kilio waliolazwa chumba kimoja, na zinaanza kuishi kwa sheria nyingine. Ukizimulika kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, zinarudisha mwanga wa buluu. Chembe zikikua kidogo, rangi inahama kuelekea kijani. Na maji yakiwa na shaba, shaba inanyakua elektroni kabla hazijatoa mwanga, na buluu inazimika.

Baba aliipenda kazi hii kuliko mimi. Siku moja alikuja labo, akasimama gizani mbele ya kichupa kinachong'aa, akavua kofia kama yuko kanisani, akaniambia, "Sephora, kumbe ndimu iko na taa ndani." Alirudi nyumbani Kasungami akawasimulia majirani wote, hadi wakamchoka.

Basi mwezi wa tisa Profesa Aristote alitutuma kupima visima vya pembeni ya mji, kwa kuwa watu wanaishi karibu na migodi na hakuna anayejua wanachokunywa. Baba akataka chake kiwe cha kwanza. Unakijua kile kisima, alikichimba kwa mikono yake baada ya kustaafu reli, na kwa miaka ishirini mtaa mzima umechota bure. Nilikwenda Jumapili nikachukua chupa. Jumatatu nilitia maji yake ndani ya buluu yangu, na buluu ikafa. Nilirudia mara tatu kwa maji yaleyale, ikafa mara tatu.

Nilimwambia Baba siku hiyohiyo. Hakubisha hata kidogo. Laiti angebisha. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza daktari, akasema kama labo imesema, imesema. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, kisha akafunika kisima kwa mabamba matatu ya saruji, akayabeba mwenyewe na umri ule. Majirani wakaanza kuchota kwenye kijito cha nyuma ya mashamba. Mama pia.

Mwezi wa kumi na moja Bénie, yule mtoto mdogo wa jirani Mama Ngosa aliyekuwa akimwita Baba chef de gare, mkuu wa stesheni, alishikwa na kuhara. Siku mbili tu. Kwenye kilio Baba alisimama mbele ya watu wote akasema, "Ni mimi njo nilimupa sumu. Miaka yote ile, ni mimi." Mama Ngosa alimkazia macho. Tangu siku ile Baba hakushika tonge la bukari tena ipasavyo. Tulimwambia mtoto ameuawa na kijito, akasema kijito kimemalizia kazi ya kisima. Mwezi wa kwanza alilala mchana, hakuamka. Daktari aliandika moyo.

Sasa nifike kwenye jagi. Siku ya saba ya kilio tulikuwa tukigawa vitu vya marehemu, na Mama akalitoa akilia. Akasema jinsi mzee alivyolipenda, na jinsi alivyolisugua ile Jumamosi ya mwezi wa tisa, akachota maji jioni, akayalaza humo usiku kucha chini ya kitambaa cheupe, kama alivyofanya kila padri alipokuja kututembelea. Mama alimuuliza kwa nini asitumie bidon ya plastiki. Akamjibu, "Maji ya kwenda kwa bantu ba masomo haiwezi kutembea mu bidon ya mafuta." Asubuhi akanijazia chupa kutoka humo.

Yaya, maji ya udongo wetu yana ukali kidogo. Yakilala usiku ndani ya shaba, yanaamka na shaba.

Wiki tatu zilizopita nilisukuma bamba moja, nikateremsha chupa kwa kamba. Buluu ikabaki inawaka. Nilichukua maji hayohayo nikayalaza ndani ya jagi. Asubuhi buluu ikafa. Kisima cha Baba kilikuwa kizuri, hakikuwa na shaba. Hakijawahi kumdhuru mtu.

Na bado sijamaliza. Sheria ya labo ni kwamba anayepima ndiye anayechota, kwa mkono wake, kutoka kisimani. Jumapili ile nilitoka misa na kitenge kipya, sikutaka kuinama kwenye tope. Baba alinipa chupa, nikaipokea kwa mikono miwili, na kwenye daftari nikaandika: nimechota mwenyewe. Nimeandika uongo wa maneno mawili, Yaya. Kama ningeandika kweli, Profesa angeniuliza yalilala wapi, na Baba angekuwa kibarazani leo, na Bénie angekuwa anamsumbua.

Tena kwa wiki tatu nimejua na nimenyamaza, na Mama anakunywa kijito, na Mama Ngosa ana watoto wengine wawili. Nilikuwa naogopa macho ya yule mama. Hakuna sababu nyingine.

Kesho asubuhi naenda Kasungami. Nitaanza kwa Mama Ngosa, peke yangu, kisha Mama yetu, kisha nitayaondoa mabamba na kunywa mbele ya watu. Profesa nitamwona Jumanne na daftari langu. Barua hii ikikufikia, mambo yatakuwa yameshasemwa, na huenda nisiwe na labo wala jirani. Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo barabara ikikauka, unione usoni ndipo uamue.

Msalimie sana shemeji, mbusu Mukuka, na mshukuru Djo kwa kubeba mzigo. Namkabidhi jagi pamoja na barua. Ni lako, Baba alilisugua vizuri, bado linang'aa. Tia maua, tia mbegu, tia upendalo, lakini nakusihi usilaze maji ndani yake.

Mdogo wako,
Sephora