Gunia la Jumamosi

Kakule, ndugu yangu,

Umelala vizuri huko? Mimi silali. Nakuonea wivu, na sioni aibu kukuambia, maana hata ulipokuwa hai ulijua, ukawa unacheka tu.

Tangu wakupige risasi kwenye barabara ya Mbau, ukirudi na mapipa ya mawese, patron, bosi wetu kiwandani, amepata mtu mwingine wa kuyaleta. Mazutu, dizeli ya mashine, bado haifiki Butembo, wenye bunduki wamefunga njia. Bila mawese yako mashine ya kusaga ingenyamaza na mji mzima ungerudi kwenye kinu na mchi. Ndiyo, nimesema. Mawese yako.

Unakumbuka siku patron alipotupatia motere mbili, injini zilizokufa njaa ya mazutu, moja yako, moja yangu? "Kila mutu ajaribu ya kwake. Mwenye akili yake itatembesha mashine, nyumba yake hapana kukosa bukari." Akaweka gunia la unga wa ugali katikati yetu, la kutolewa kila Jumamosi mbele ya wafanyakazi wote. Mimi nikachimba mfereji, nikatengeneza gurudumu la maji. Wewe ukakaa kivulini ukipasha mawese kama mama anayepika sombe, ukamimina, motere ikakohoa, ikawaka. Kiangazi kilipofika, mto wangu ukabaki wa kuogea bata. Ukanipiga begani: "Kasereka, hapana kukasirika. Mungu alikupa maji, mimi akanipa moto." Nilicheka pamoja na wengine. Moyoni nilitamani motere yako ipasuke.

Na asubuhi za baridi, mawese yalipoganda ndani ya mrija na motere kuzima, nani alikuwa wa kwanza kupiga kelele uwanjani kwamba motere ya Kakule imelala? Mimi. Hiyo ilikuwa chai yangu.

Sasa sikiliza. Baada ya matanga niliachiwa motere yako. Nikachoka kuwasha makaa kila saa. Nikapitisha bomba la moshi katikati ya tangi, moshi wa motere yenyewe ukawa unapasha mawese. Tangu hapo haizimi mpaka jioni. Mimi, Kasereka! Wiki nzima nilitembea kifua mbele nikingoja Jumamosi.

Jumamosi patron akaja. Akasikiliza motere, akagusa bomba, likamuunguza kidole, akacheka. "Muone! Kakule amekufa, lakini akili yake ingali inatumika!" Watu wakapiga makofi. Nikafungua kinywa niseme bomba ni langu. Kahindo, mke wako, alikuwa amesimama mlangoni na watoto, gunia tupu amelikunja kwapani. Desturi ya patron unaijua: akili mpya ikishinda ya zamani, gunia linahama nyumba. Nikasema, "Ndiyo, patron."

Iliniuma, Kakule. Bado inaniuma. Mtu hai atashindana vipi na marehemu? Wewe hukosei tena, huchelewi kazini, huombi ruhusa. Kila kizuri kiwandani sasa ni chako. Wamekuja watu wa Kanyabayonga na wa Mutwanga kutazama, na mimi ndiye ninayewaonyesha "bomba la Kakule". Ulimi unataka kukatika.

Tena gunia nalibeba mimi, kilima chote kile mpaka kwako. Kahindo ananishukuru, "Wasingya, Kasereka," halafu anawageukia watoto: "Muone, baba yenu angali anatulisha." Mimi najifanya napangusa unga mabegani.

Basi pumzika, ndugu yangu. Gunia litafika kwako kila Jumamosi mpaka mtoto wako wa mwisho aweze kujitafutia lake. Nimeapa, na mdomo wangu hautafunguka. Lakini siku nitakapofika huko, usinikumbatie kwanza, wala usiniulize habari za vita. Wasimamishe wote waliotutangulia, na Patron wa huko awepo, uwaambie kwa sauti bomba lilikuwa la nani.

Kasereka