Glavu za Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, nimepata amani nyumbani na amani yenyewe inaninyima usingizi.

Mimi ni mkaguzi wa mizigo uwanja wa ndege, kazi yangu ni kupangusa, nachukua kitambaa kidogo, napangusa zipu na vishikio vya begi, nakiingiza kwenye mashine, na mashine inatafuta chembe za vilipuzi, taa ya kijani safari njema, taa nyekundu simama hapo hapo. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, huwaambia majirani kwamba binti yake ameolewa na mfuta vumbi. Sasa mwezi uliopita alikuwa anasafiri kwenda kwa binti yake mdogo, shemeji yangu, aliyekaribia kujifungua, na asubuhi hiyo akaniamuru nitie mbolea kwenye vyungu vyake vya maua, nikatia kwa mkono, nikajifuta kwenye suruali, tukatoka mbio maana tulishachelewa, nikaingia zamu, nikavaa glavu, nikapandisha suruali kwa glavu hizo hizo, na nani anatokea kwenye foleni yangu kama si yeye, nikasema moyoni leo utamjua mfuta vumbi.

Mshauri, nilipangusa lile begi kwa madaha, nikapangusa na viganja vyake, mashine ikapiga kelele, nyekundu! Watu wakarudi nyuma, begi likafunguliwa, nguo za ndani za mama mkwe zikatandazwa mezani mimi mkwewe nikiikodolea macho dari, na ndege ikaondoka. Msimamizi wangu akavaa glavu mpya, akapangusa upya begi na viganja, mashine kimya, mama akaruhusiwa kwenda kukaa. Kisha msimamizi akazipangusa glavu zangu mimi. Nyekundu. Mbolea ina chembe ambazo mashine inazishuku, hata mkaguzi wa siku ya kwanza anajua hilo. Akaninong'oneza, "Bwana, umejikamata mwenyewe."

Zamu ilipoisha, njiani kurudi nyumbani, mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, ile mashine imeona nini kwangu?" Hapo ndipo nilipaswa kusema, lakini lile jina la mfuta vumbi lilikuwa bado linaniwasha, nikajibu, "Mashine yetu haikosei, Mama. Inaona hata kitu kilichomo mkononi mwa mtu bila mwenyewe kujua." Nikamwambia pia kwamba mara ya pili ilikuwa kimya, akasema hiyo ni kwa sababu alikuwa ameshajifuta kwa leso. Akawa anaangalia viganja vyake mpaka tunafika.

Tangu siku hiyo anashinda kwenye kochi na glavu za manjano za kuoshea vyombo, zimemfika viwikoni. Yeye aliyekuwa akihamisha kabati kila wiki, akikunja upya mashati yangu, akisugua masikio ya watoto mpaka yanang'aa, sasa hagusi kitu, "Msinisogelee, wajukuu zangu." Na mimi, Mungu anisamehe, nimefurahi, kwa mara ya kwanza tangu nioe naikuta chumvi mahali nilipoiacha.

Lakini shemeji amejifungua, ni wiki mbili sasa, mtoto wa kike, amepewa jina la bibi yake, na bibi hataki kwenda. Anasema, "Siwezi kumshika mtoto mchanga kwa mikono hii." Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, kwani mikono ya mama ina nini?" nikasema naenda kuangalia bomba, na bomba letu halina tatizo lolote. Juzi shemeji akatuma picha, nikamkuta mama mkwe akijaribu kuikuza kwenye simu aone uso wa mtoto, simu haitambui kidole chenye glavu, anagusa, anagusa, haikui, na glavu hakuivua. Nifanyeje? Je, nikisema mashine ilikuwa mbovu?

Mimi, Mfuta Vumbi

JIBU

Mfuta Vumbi, kwanza pole. Kutandaziwa nguo za ndani za mama mkwe wako mbele ya foleni nzima ni adhabu tosha kwa mbolea. Mbolea nimeshakusamehe, mtu yeyote anaweza kusahau kunawa.

Ila uongo wa njiani sikusamehei, maana huo uliusema ukiwa na akili timamu. Mama wa watu alikuuliza swali kwa upole, kakuita mwanangu, na wewe ukalipiza kisasi cha jina la utani. Sasa unataka kumsingizia mashine! Mashine ndiyo pekee iliyosema kweli siku ile. Ilikuonyesha wewe.

Unajua kazi yako vizuri kuliko unavyoifanya. Uchafu ulikuwa wako, ukaubandika kwake, na hujaufuta mpaka leo. Unafurahia chumvi! Mwanamume mzima, ananunua utulivu wa chumvi kwa machozi ya bibi.

Sikiliza. Leo, kabla ya chakula, mke wako akiwepo, weka kopo la mbolea mezani na useme, "Mama, mikono iliyokamatwa ilikuwa yangu." Usianze na "unajua" wala "kwa bahati mbaya". Atakusema. Atakusema mpaka majirani wa nyumba ya tatu wapunguze redio ili wasikie vizuri. Kaa hapo hapo, na bomba uliache. Kesho ukate tiketi mpya, na siku ya safari apangusiwe na mkaguzi mwingine, glavu mpya, wewe usimame mbali, aione taa ya kijani kwa macho yake.

Akirudi atahamisha kabati, na chumvi utaitafuta wiki nzima. Itafute ukiwa umefunga mdomo.

Lakini usingoje uwanja wa ndege. Ukishakiri tu, zile glavu za manjano mvue wewe mwenyewe, moja baada ya nyingine, kisha mpe simu aikuze ile picha kwa kidole chake.

Na kabla hujamgusa, tafadhali, nawa.