Daktari Aliyetafutwa na Jonalyn

Jaro, Iloilo, Ufilipino

Mdogo wangu Perlita,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini joto la Kuwait halijakumaliza, na bosi wako anakupa siku yako ya kupumzika. Huku tu wazima. Leo naandika hivyo bila kukudanganya.

Tangu mume wangu Rodel afariki nilikuwa silali na chakula hakipiti. Kwenye simu nilikwambia ni presha. Haikuwa presha. Mwanangu Jonalyn ndiye aliyesema tutafute daktari wa magonjwa ya akili. Nikamwambia mimi si kichaa, akanijibu kwamba hakuna aliyesema hivyo, nile kwanza ndipo nigombe.

Baba yake wa ubatizo, Berting, akatuletea mtu wake, bwana wa miwani ya dhahabu anayejiita bingwa wa akili. Unajua kwetu mtu akiletwa na kumpare, baba wa ubatizo wa mwanao, humuulizi vyeti, unampikia tambi za pansit na kushukuru. Mwanangu alimpikia, akamwacha ashibe, kisha kwa adabu zote akamwomba namba ya leseni. Nilitamani ardhi inimeze! Bwana akasema ameisahau. Jonalyn akatafuta jina lake kwenye orodha ya serikali, halimo. Berting alinuna, akasema nimelea mtoto asiye na haya. Nikamjibu haya anazo, ila hazijamziba macho.

Daktari aliyefuata alikuwa na leseni lakini hapokei kadi ya bima ya kazini kwa Jonalyn. Mwingine, watu wa bima walisema anaipokea, kumbe aliacha zamani. Basi mwanangu akawa anapigia bima, halafu anapigia kliniki, mpaka wote waseme neno moja. Ndivyo alivyompata Dokta Salcedo, mama mpole, aliyesomea magonjwa hayohayo ya akili, na kadi yetu inapita. Nilimsikiliza binti niliyemlea kwa kuuza mboga akiwahoji wakubwa wale bila kutetemeka, nikajisikia nimerefuka kwa fahari.

Jana nikienda kliniki, jirani yetu Luzviminda akaniuliza kama kawaida yake, unakwenda wapi. Siku zote mimi humjibu, hapo tu. Jana nilisimama nikamwambia nakwenda kwa daktari wangu wa akili, leseni yake mwanangu ameihakikisha, na bima inalipa. Kisha akaniomba namba ya Jonalyn.

Sasa lile ambalo nilishindwa kulisema kwa simu. Hereni za mama nilizokutumia mwezi wa tano, nilisema ni zawadi tu. Nilikuwa nakuaga, Perlita. Nilikuwa nimeamua kufa. Nilimwambia Dokta Salcedo kwanza, kisha Jonalyn, na sasa wewe. Usilie sana. Dawa nameza, usingizi umerudi, na likinijia tena wazo lile najua wa kumwita.

Wasalimie wenzako wote wa huko. Jonalyn anakubusu mkono.

Ukija Krismasi niletee hereni zangu. Nataka kuzivaa.

Dada yako akupendaye,
Consorcia