Mikebe Minne ya Vichekesho

Kileleshwa, 3 Machi 2025

Dada Peres,

Nakusihi, neno hata moja la barua hii lisikutoke, hata kwa shemeji. Hamjambo huko Parklands? Mimi mzima wa mwili tu. Simu nimeizima.

Ile stoo ya filamu kuukuu ninakofanya ukarani mjini ina vichekesho vya miaka ya thelathini, sinema ilipoanza tu kusema. Hakuna anayevikumbuka. Kimoja ni cha polisi mnene anayeposa mjane. Kipaza sauti kimefichwa kwenye maua, basi kila mtu anayaongelesha maua! Mzee Muigai, fundi wa mitambo, hukicheka mpaka machozi.

Jana Kibe, mwenye jengo anayetaka stoo iwe tupu, alituma vijana watatu wazichome filamu zote. Muigai akaziba mlango.

"Mzee, toka. Hii ni takataka tu."

"Takataka ni wewe, uliyekua bila kucheka."

Wakampiga nondo ya taya. Nilisikia mfupa, nami chini ya meza. Waliposhuka kuchukua petroli, nikatoroka na mikebe minne ya filamu. Lakini dada, nilisaini daftari la kutolea filamu: jina, mtaa, nambari ya nyumba. Mkono umezoea.

Mdogo wako,
Lenox

Parklands, 5 Machi

Lenox mdogo wangu,

Hatujambo, mama anakusalimu. Muigai yuko katika wodi ninayouguza, taya imefungwa waya. Ameniandikia, "Polisi wa maua yuko salama?" Nimelia na kucheka.

Lakini ulisaini! Wewe ungemsainia hata mwizi. Hama leo. Tupa hiyo mikebe.

Dada yako,
Peres

9 Machi

Dada,

Natumaini hamjambo. Mimi siwezi kujibu hilo.

Nilikuwa nasoma barua yako walipovunja mlango. Mmoja alishika daftari. "Karani, mwandiko wako ni safi kweli." Akanizaba kofi, akamwaga filamu sakafuni, akaanza kuikanyaga. Nikainua mkebe uliojaa nikampiga kichwani, mara mbili. Katika vichekesho vile mtu hupigwa sufuria, akapepesa macho, akasimama. Nilingoja apepese. Wenzake walikimbia kabla yangu.

Usipige simu. Jumamosi saa nne asubuhi njoo Adams Arcade, usimame kituo cha basi, upande wa Ngong Road. Njoo na wakili, awe mwanamke, msije na mwingine. Nikiwaona wawili tu, nitavuka. Ikifika saa tano sijatokea, nendeni kituo cha polisi kilicho karibu: nitakuwa nimejipeleka. Tajeni majina yangu yote matatu.

Mdogo wako,
Lenox